Nani ameshinda kwenye roda? Kapoeira kwa macho ya mwanafunzi

Mtu anayeiona kapoeira, mchezo wa mapigano wa Brazili unaochezwa ndani ya duara kwa ala na nyimbo, kwa mara ya kwanza, hata kama ni video ya simu, huuliza swali lilelile: sasa hapo nani ameshinda? Wawili wamezungukana, mateke yamepita juu ya vichwa, mmoja kasimama kwa mikono, mwingine kajikunyata sakafuni, kisha wamepeana mikono na kuachana wakicheka. Hakuna refa, hakuna pointi ubaoni. Wenyeji watamjibu kwa upole kwamba hapa hakuna mshindi, huu ni mchezo tu. Jibu hilo si la uongo, ila limeacha nusu ya habari. Mwanafunzi anayelimeza kama lilivyo huingia duarani akiwaza sarakasi, na hutoka akiwa amekalia makalio bila kujua mguu uliomwangusha ulitokea wapi.

Hesabu ipo. Kila aliyesimama kwenye lile duara anaiweka kichwani: nani kabanwa, nani kaonyeshwa teke ambalo hakuliona likija, nani kajifungua kifua bila kujua. Haitangazwi tu. Na sheria karibu zote za duara, hata zile zinazoonekana kama adabu za kizee, zinaeleweka ukishajua kwamba watu wanahesabu kimyakimya.

Duara lenyewe linaitwa roda, na ndilo kapoeira yenyewe. Mazoezi ya jioni, watu wakiwa wamepangwa mistari wakirudia mateke, ni maandalizi. Brazili ilipoisajili kapoeira kuwa urithi wa taifa mwaka 2008, iliandika vitu viwili, roda na kazi ya mestre, yaani mwalimu mkuu. UNESCO nayo mwaka 2014 ikaingiza duara la kapoeira kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hakuna aliyesajili teke.

Tuanze na teke hata hivyo, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Ndani ya roda, teke lililosimamishwa shubiri moja kutoka shavuni lina heshima kubwa kuliko lililotua. Linasema mambo mawili kwa pamoja: nimekuona uko wazi, na nimeamua kukuachia. Teke lililotua linaweza kuwa bahati, au papara, au ukosefu wa adabu. Aliyezoea kurasa za mashairi kwenye magazeti ya Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Kwenye malumbano, anayejibu hubeba vina na mizani za aliyemtangulia. Akizivunja, hata hoja yake iwe nzito namna gani, wasomaji wanajua kazidiwa. Teke la kapoeira linajibiwa hivyohivyo, kutoka ndani ya mwendo wake. Unapita chini yake, na kule chini ndiko unakopata swali lako la kurudisha. Ukiruka nyuma hatua tatu ukangoja zamu yako, hukuumia, lakini hukujibu.

Kipimo kikali kuliko vyote ni rasteira, ambayo kwa Kiswahili ni mtama tu. Tazama inavyokuwa. Mmoja anazungusha teke la nusu mwezi: anainama, mkono unagusa sakafu, kisigino kinafagia hewa kwa kasi. Nukta hiyo uzito wake wote uko kwenye mguu mmoja. Mwenzake hakimbii. Anashuka chini kufuata teke lilikotoka, anatanguliza mguu sakafuni na kuukunja nyuma ya kile kisigino kilichosimama, kisha anauvuta. Haupigi, anauvuta. Nguvu inayotumika ni ndogo mno, na mwenye teke zuri anajikuta amekaa. Duara linacheka. Mwimbaji, kama ana ulimi, hubadilisha wimbo papo hapo aweke kijembe. Aliyeanguka anatakiwa ainuke na tabasamu, aendelee. Akinuna, amepoteza mara ya pili.

Ndiyo maana wazee wa Salvador, jiji la jimbo la Bahia ambako mchezo huu umekita mizizi, husimulia habari za mabwana waliokwenda kucheza Jumapili na suti nyeupe za kitani na kurudi nyumbani bila doa. Sheria bado ipo: mwili unagusa chini kwa viganja, nyayo na kichwa basi. Goti, nyonga au mgongo ukigusa, watu wameona.

Ujanja wa namna hii una historia. Kapoeira ilikuzwa na Waafrika waliopelekwa Brazili utumwani, wengi wao kutoka Kongo na Angola, pamoja na watoto wao waliozaliwa huko. Brazili ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888. Miaka miwili tu baadaye, sheria ya makosa ya jinai ya 1890, kifungu cha 402, ikaifanya kapoeira barabarani kuwa kosa la kifungo cha miezi miwili hadi sita. Kosa hilo halikuondoka kwenye vitabu mpaka sheria mpya ya 1940. Watu walicheza hata hivyo, kwenye sikukuu za makanisa, bandarini, Jumapili mitaani. Kuna mpigo wa ala unaoitwa Kavalaria, yaani askari wa farasi, na inasimuliwa kwamba ulipigwa kuwaonya wachezaji kuwa polisi wanakuja. Katika mazingira hayo, kujua kumdhuru mtu huku unaonekana unacheza, na kujua kutomdhuru huku ukimwonyesha kwamba ungeweza, vilikuwa ufundi mmoja.

Kutoka hapo yakatokea matawi mawili ambayo mwanafunzi atakutana nayo tangu siku ya kwanza, na ambayo ndiyo chanzo cha nusu ya mkanganyiko wake. Manuel dos Reis Machado, aliyejulikana kama Mestre Bimba, aliunda mfumo wake mjini Salvador akauita Luta Regional Baiana, yaani mapigano ya jimbo la Bahia. Jina la kapoeira halimo. Mwaka 1937 shule yake ikapata usajili wa serikali wakati sheria ya 1890 bado haijafutwa. Upande wa pili Vicente Ferreira Pastinha, Mestre Pastinha, akaanzisha mwaka 1941 kituo cha tawi linaloitwa kapoeira Angola, au Angola tu, akishikilia mwendo wa chini na wa taratibu zaidi, na vijembe vyake. Wanafunzi wake walivaa njano na nyeusi, rangi za klabu ya mpira ya Ypiranga, na walicheza na viatu. Shule nyingi za leo zimechanganya matawi haya kwa vipimo vyao wenyewe, na kila moja inaamini kipimo chake ndicho sahihi.

Matokeo yake ni kwamba ushauri uliopewa ukumbi mmoja unaweza kukuaibisha ukumbi wa pili. Kwa Bimba ala zilikuwa berimbau moja, ala ya upinde, na matari mawili, na watu walipiga makofi matatu kwa mpigo. Roda ya Angola kwa kawaida ina ala nane, na sehemu nyingi makofi hayapigwi kabisa. Kwenye shule nyingi za kisasa unaweza "kununua" mchezo: wawili wakiwa wanacheza, unaingia kati yao, unamgeukia unayemtaka, mwingine anatoka. Roda nyingi za Angola ukifanya hivyo watakutazama kama mtu aliyekatiza mazungumzo ya wazee. Huko wawili wanacheza mpaka waitwe. Hakuna kitabu kimoja cha kuamua. Simama, tazama michezo miwili mitatu, ndipo uamue miguu yako ifanye nini.

Mamlaka hata hivyo ni yaleyale kila mahali, nayo ni berimbau kubwa, gunga. Berimbau ni upinde: ufito wa mti wa biriba wenye urefu wa kama mita moja na nusu, waya wa chuma ambao mara nyingi umechunwa kutoka kwenye tairi kuukuu, na kibuyu kilichokatwa mdomo. Nchini Angola wanao ndugu yake, hungu, na Wagogo wa Dodoma wana ndono yao. Mkono wa kushoto ndio unaoteseka. Kidole cha mwisho kinabeba uzito wote wa ala, huku gumba na kidole cha shahada vimeshika kijiwe au sarafu ya kubana waya. Mkono wa kulia una kijiti, na kikapu kidogo chenye mbegu, kashishi, kinachocheka kila kijiti kinapogonga. Sauti ni tatu: waya ukiwa huru, waya ukiwa umebanwa, na ule mkwaruzo wa kijiwe kilichogusa waya nusunusu. Kibuyu kikisogezwa tumboni na kuachiliwa, sauti inafunga na kufunguka. Mwanafunzi wa wiki za mwanzo hamalizi wimbo kabla kidole kile hakijaanza kuomba msamaha.

Kwenye roda ya Angola zinakaa berimbau tatu. Gunga, yenye sauti nzito, inashika mwendo. Medio inamjibu. Viola, yenye sauti nyembamba, inacheza na mapambo. Pembeni kuna matari mawili, ngoma ndefu ya kusimama iitwayo atabake, kengele ya midomo miwili iitwayo agogo, na reko-reko, kipande chenye mikato kinachokwaruzwa kwa kijiti. Anayeshika gunga, kwa kawaida mestre au mtu aliyempa ruhusa, ndiye anayeamua mchezo uanze lini, uende kasi gani, na nani arudi nje. Mpigo wa Angola unataka mchezo wa chini na subira. San Bento Grande unaharakisha damu. Kuna Iuna, ambao katika shule ya Bimba ulihifadhiwa kwa waliohitimu pekee, bila kuimba. Mwanafunzi anayeruka sarakasi hewani wakati gunga inapiga Angola ya polepole anatangaza kwa mwili wake mzima kwamba hasikilizi, na katika ile hesabu ya kimyakimya hilo ni deni kubwa.

Mwanzo wa roda ya Angola ndio unaowashinda wageni kwa sababu hakuna kinachotokea. Wawili wanachuchumaa mbele ya ala, mahali panapoitwa mguu wa berimbau. Mtu mmoja anapaza sauti, "Yee!", kisha anaimba peke yake wimbo mrefu wa polepole, ladainya: kisa cha mtu, sifa, onyo, au jambo la siku hiyo. Hakuna anayeitikia. Hakuna anayecheza. Halafu inafuata shula, mistari mifupi ya kushukuru: Mungu, mestre, mji, na duara zima linaitikia kila mstari. Bado hawajaanza. Ni mpaka korido zianze, nyimbo fupi za kupokezana ambazo zitaendelea muda wote, ndipo gunga inapoinamishwa juu yao kama ishara na wawili wakapeana mikono. Anayeruka ndani wakati wa ladainya hana wa kumlaumu akirudishwa.

Wanaingia kwa kupinduka juu ya mikono, au kwa kuteleza chini, macho yakiwa hayamwachi mwenzake hata kichwa kikiwa chini ya miguu. Kisha ginga, ule mwendo wa kuyumba mguu huu nyuma, mguu ule nyuma, mkono ukilinda uso. Ginga si pambo la kujaza muda. Anayeyumba hana mguu mmoja unaojulikana kuwa ndio wenye uzito, kwa hiyo mtama haujui pa kwenda. Bimba alikuwa akiwashika wanafunzi wapya mikono yote miwili akiyumba nao mpaka mwili uelewe. Naona hakuna njia bora iliyogunduliwa tangu hapo, ingawa vioo vya ukumbini vinauzwa kwa bei nzuri.

Halafu kuna shamada, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo akili ya mchezo huu inapoonekana wazi kuliko popote. Katikati ya mchezo wa Angola mmoja anasimama ghafla, anafungua mikono, viganja wazi, kama anayekaribisha. Mchezo unaonekana umekatika. Mwenzake halazimiki kukimbilia. Anazunguka, anacheza kwa mbali, anajipa muda, kisha anakaribia, mara nyingi kutokea chini, mkono mmoja ukilinda uso na mwingine ukilinda tumbo, kwa sababu aliyemwita anaweza kumpokea kwa goti au kichwa. Viganja vinagusana. Wanatembea pamoja hatua chache mbele, hatua chache nyuma, kwa mdundo wa gunga, kama wapenzi wa dansi ya zamani ambao kila mmoja ana wembe mfukoni. Aliyeita ndiye anayefungua njia ya kutoka. Anaonyesha kwa mkono, tafadhali, pita. Mwanafunzi anashusha pumzi, anateleza kwenda alikoonyeshwa, na mguu unamngoja palepale. Shamada inafundisha kwamba ukarimu unaweza kuwa mtego, lakini pia kwamba anayekataa kila mwaliko hachezi na mtu. Kukubali huku umejilinda, hiyo ndiyo kazi.

Wachezaji wakichoka, au mmoja akitaka kuvunja kasi ya mwingine, wanatembea kuzunguka duara, mmoja mbele na mwingine nyuma. Wanaiita mzunguko wa dunia. Inaonekana mapumziko. Anayetembea mbele asisahau nani yuko nyuma yake.

Yote haya huchukua dakika chache za mtu mmoja. Roda yenyewe inaweza kwenda saa nzima au mbili, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapojidanganya: wanadhani wanangoja zamu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kushiriki ni kuimba, kupiga ala na kutazama. Korido isipoitikiwa kwa nguvu, mwimbaji anachoka, ala zinapoa, na wawili walio ndani wanabaki na mazoezi ya viungo. Nyimbo ni za Kireno, majina ya Angola, Luanda na Benguela yakipitapita ndani yake, na viitikio vingi ni vya mstari mmoja. Mtu asiyejua Kireno anaweza kuvishika jioni moja. Anayepaswa kujifunza maana ni yule anayetaka kucheza vizuri, kwa sababu mwimbaji anazungumza na wachezaji kupitia wimbo. Anaweza kuwaambia wapoe, anaweza kumsifu aliyeingia, anaweza kumcheka anayejidai. Asiyeelewa anaendelea kujidai.

Pokezana ala bila kuombwa mara mbili. Anayepiga reko-reko kwa dakika arobaini huku wenzake wanacheza anajulikana, na mestre anamwona. Wakati wa kulegeza waya wa berimbau baada ya roda, ili ufito usife mnyumbuliko, pia wanaona ni nani alibaki na nani alikimbilia basi.

Mambo hayaendi vizuri kila siku. Kuna teke linalotua kwa bahati mbaya, na kuna linalotua makusudi na kuvishwa bahati mbaya. Mwanafunzi akipigwa, silika inamwambia arudishe hapohapo. Njia ya wenyeji ni kurudi kwenye mguu wa berimbau, kuchuchumaa, kupumua, kisha kuanza upya, au kumaliza. Gunga ikigonga mfululizo mpigo mmoja, ni wito: acheni mlichonacho, rudini hapa. Kutoutii ni kosa zito kuliko teke lenyewe. Uwezo huu wa kuwaka na kuzimwa kwa sauti ya waya mmoja ndio, nadhani, uliofanya kapoeira ichukuliwe Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2014, kwa mradi wa UNICEF na washirika wake, Brazili ikiwemo, kwa ajili ya watoto waliotoka kwenye makundi yenye silaha.

Lipo na jambo ambalo wanafunzi wa kike wanalisema na wengine wanajifanya hawasikii. Msichana akiingia, mchezo wake unanunuliwa haraka kuliko wa wengine. Akicheza vizuri anaambiwa ana neema. Mwanamume aliyecheza vivyo hivyo anaambiwa ana ujanja. Na gunga inampita mkononi ikielekea kwa kijana aliyeanza baada yake. Mestra Janja, aliyelelewa kwenye kapoeira Angola huko Salvador na kuanzisha kundi la Nzinga mjini São Paulo mwaka 1995, amelifanyia kazi suala hili kwa miaka mingi, kwa maandishi na kwa kuendesha roda mwenyewe. Jina la kundi ni la malkia wa Ndongo na Matamba, falme za zamani katika Angola ya leo. Kwa mwanafunzi wa kiume hatua ya kwanza haihitaji nadharia: kabla hujanunua mchezo, angalia ni wa nani na umeanza lini.

Ukienda roda ya watu wengine, fika mapema, msalimie mwenye duara kabla hujavua koti, taja mwalimu wako ni nani. Usisimame karibu na ala ukiwa umekunja mikono. Itikia nyimbo. Ukipewa tari kwanza badala ya mchezo, pokea. Wanataka kusikia kama unashika mwendo, na hilo watalijua ndani ya wimbo mmoja. Mchezo wako wa kwanza uwe mfupi na wa chini, kwa sababu hujui bado pale wanaachiana kwa kiasi gani. Mwenyeji mkubwa akikuita kwenye shamada, kumbuka mkono wa usoni.